Diskasheni ya Kemia mwaka wa kwanza: namna ya kuiunda na kuiendesha mpaka UE (mtihani wa mwisho wa semista)

Diskasheni nyingi za Kemia mwaka wa kwanza hufa kwa namna moja. Watu wanane wanazunguka kimbweta, kipanga mmoja, yule mkali wa somo, anashika kalamu na kushusha swali la moli kuanzia juu hadi chini, saba wanatikisa vichwa na kunakili. Saa mbili zinapita, kila mtu anaondoka ameridhika. Testi ya kwanza inaleta swali lilelile lenye namba nyingine, na wale saba wanabaki kuitazama karatasi. Jioni ile alifanya mazoezi mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa anajua tangu mwanzo.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayesoma Kemia ya mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Tanzania, awe wa ualimu, uhandisi, famasia au kilimo. Majina ya kozi hutofautiana, lakini mada ni zilezile: moli na milinganyo, muundo wa atomi, vifungo, gesi, nishati, kasi ya mmenyuko, msawazo, asidi na besi. Kanuni inayobeba yote yanayofuata ni hii: kalamu inashikwa na aliyekwama. Anayejua anakaa mikono mitupu na kazi yake ni kuuliza.

Hatua ya 1: Tafuteni watu mapema, tena mchanganyiko

Wiki ya pili ya semista inatosha kuanza. Mkisubiri matokeo ya testi ya kwanza, mtakuwa mnaunda kundi la waliojeruhiwa.

Wanne hadi sita ndio idadi ninayoiamini. Wakiwa watatu, mmoja akiugua hakuna diskasheni. Wakifika wanane, wawili watakuwa wanachati chini ya meza na hakuna atakayegundua. Usichukue marafiki wa chumba kimoja pekee, maana mara nyingi mmetoka shule zinazofanana na mna mapengo yanayofanana. Tafuta mtu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), huyo logi na milinganyo ya kipeo cha pili havimtishi. Tafuta wa PCB au CBG, michepuo yenye Biolojia, mara nyingi maelezo anayakumbuka vizuri. Na kama darasani kuna aliyeingia kwa diploma, hasa ya maabara au famasia, mfuateni haraka: nadharia anaweza kuwa ameiacha miaka kadhaa, lakini bureti anaishika kama kijiko.

Pale City College, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1990, idara ya kemia ilianza kuwaweka wanafunzi katika makundi ya watu sita hadi wanane, kila kundi na kiongozi aliyekwishafaulu kozi hiyohiyo. Kiongozi huyo hakuwa mwalimu na hakutakiwa kutoa majibu. Alikuwa wa kuliongoza kundi litafute lenyewe. Utaratibu huo umesambaa katika vyuo vingi vya Marekani. Ninyi mnaweza kuupata bila idara kuingilia: mwombeni mtu mmoja wa mwaka wa pili awape saa moja kwa wiki. Msimchague aliyepata A kwa sababu ya A. Mchagueni yule ambaye ukimuuliza swali, na yeye anakuuliza.

Siku ya kwanza kubalianeni mambo matatu tu: siku na saa, mahali, na nini kinampata anayekuja mikono mitupu. Katika makundi niliyoyaona yakidumu, adhabu ilikuwa nyepesi lakini ya kweli: anayekuja bila kujaribu maswali hukaa, husikiliza, ila hanakili.

Hatua ya 2: Kila mtu ajaribu peke yake kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi kuliko zote.

Siku tatu kabla ya kukutana, chagueni maswali matano au sita kutoka kwenye karatasi ya semina au kitabu cha kozi. Sita yanatosha, ishirini hayamaliziki. Kila mmoja anayafanya peke yake kwenye daftari, na pembeni ya kila swali anaandika moja kati ya haya: nimeweza, nimekwama hapa, sijui pa kuanzia. Alama ya katikati ndiyo yenye thamani. "Sielewi moli" haimsaidii mtu kukusaidia. "Nimepata moli za nitrojeni na za hidrojeni, sijui nitumie zipi kutafuta amonia" ni sentensi ambayo mtu mwingine anaweza kuishika na kukuvuta nayo.

Kama mna grupu la WhatsApp, wekeni sharti hilohilo: picha ya swali peke yake haijibiwi. Inajibiwa picha ya swali pamoja na mlipofikia, hata kama ni mstari mmoja. Na anayejibu asitume suluhisho zima lililopigwa picha kutoka kwenye madesa (notisi na majibu ya kurithi) ya mwaka jana. Atume swali au dokezo.

Hatua ya 3: Kikao chenyewe

Saa mbili, na katikati mapumziko ya kunyoosha miguu. Anzeni na maswali yenye alama nyingi za "nimekwama hapa". Yale ambayo wote mmeyaweza linganisheni majibu kwa dakika mbili na mpite.

Nitaonyesha kwa swali moja jinsi mambo yanavyokwenda, kwa sababu hapa ndipo diskasheni inapopona au inapokufa. Swali: gramu 28 za nitrojeni zimechanganywa na gramu 5 za hidrojeni. Kama mmenyuko unakwenda hadi mwisho, amonia itapatikana kiasi gani, na nini kitabaki?

N₂ + 3H₂ → 2NH₃

Aliyekwama anashika kalamu na kusema hidrojeni itaisha kwanza, kwa sababu 5 ni ndogo kuliko 28. Jibu ni sahihi. Sababu ni mbovu. Kundi la kawaida hapa litapiga makofi na kuendelea. Ninyi msiendelee. Mwenye kujua anauliza: "Hiyo 5 ni tano ya nini?" Ya gramu. "Na mlinganyo unahesabu gramu?" Hapana, moli. Basi anabadilisha: 28 kugawa kwa 28 ni moli 1 ya N₂, 5 kugawa kwa 2 ni moli 2.5 za H₂. Sasa anageuka: "Aa, kumbe nitrojeni ndiyo itaisha, maana 1 ni ndogo kuliko 2.5." Amekosea tena, safari hii kwa njia ya kisasa zaidi.

Uvumilivu unahitajika hapa. Kipanga atataka kunyang'anya kalamu. Asinyang'anye. Aulize: "Moli 1 ya nitrojeni inahitaji hidrojeni kiasi gani?" Tatu. "Tunazo?" Tunazo 2.5. Kimya kidogo, halafu unaona uso unabadilika. Hidrojeni ndiyo inayokwisha kwanza, ingawa moli zake ni nyingi zaidi. Kwa hiyo amonia inahesabiwa kutokana na hidrojeni: 2.5 × 2 ÷ 3 ni moli 1.67, mara 17 ni gramu 28.3. Nitrojeni iliyotumika ni moli 0.833, sawa na gramu 23.3, zikabaki 4.7.

Kabla ya kufunga, mwingine ambaye hajasema kitu aulizwe: tutajuaje hatujakosea? Mlianza na gramu 33. Mwisho mna 28.3 na 4.7, jumla 33. Ukaguzi wa namna hii hauhitaji kitabu cha majibu, na unamfaa hata mtu aliye peke yake kwenye chumba cha mtihani.

Halafu kila swali lililotatuliwa lizae pacha. Aliyekuwa na kalamu abadilishe namba mwenyewe, kwa mfano gramu 14 za nitrojeni na gramu 6 za hidrojeni, na wote walifanye kimya kwa dakika tano. Aliyeelewa ataona kwamba sasa nitrojeni ndiyo inayokwisha. Aliyekariri ataandika hidrojeni tena, na hapo amejulikana bila kuaibishwa.

Maswali ya msaidizi, yaani yule anayejua, si mengi. Umepewa nini? Unatafuta nini? Kipimo chake ni kipi? Kwa nini umegawa? Jibu hilo linaingia akilini? Yabandikeni hata kwenye jalada la daftari. Na lugha isiwafunge: gombaneni kwa Kiswahili, kwa sababu huko ndiko mnakojua kukataa, kutilia shaka na kutania. Ila kila swali la maelezo likimalizika, kila mmoja aandike jibu lake kwa Kiingereza, sentensi mbili au tatu, na jirani alisome. Mtihani hauna mstari wa Kiswahili, na wengi hupoteza alama kwa jambo wanalolijua kabisa.

Hatua ya 4: Chagueni mmenyuko mmoja mtembee nao semista nzima

Hili ni pendekezo langu na najua wapo watakaoliona la ziada. Shida kubwa ya Kemia ya mwaka wa kwanza ni kwamba mada huonekana kama visiwa. Amonia inaviunganisha vizuri ajabu.

Kwenye moli mmeshaiona. Mkifika kwenye vifungo, ulizaneni kwa nini pembe ya NH₃ ni kama digrii 107 wakati ya methani ni 109.5 na ya maji ni 104.5. Mkifika kwenye nishati, chukueni ΔH (badiliko la joto) ya mlinganyo ule ule, takriban −92 kJ, na ΔS (badiliko la entropia), takriban −199 J kwa kelvini, mtafute ΔG, yaani ΔH − TΔS, kwenye 298 K; ikiwa hasi, mmenyuko unaweza kwenda wenyewe. Mmoja wenu, nakuhakikishia, atazidisha 298 kwa 199 na kujumlisha moja kwa moja, apate namba chanya inayokaribia 59,200. Mwacheni afike mwisho, halafu aulizwe kipimo. Moja iko kwenye kilojuli, nyingine kwenye juli. Ukibadilisha, ΔG inakuwa karibu −33 kJ na mmenyuko unaruhusiwa kwenda wenyewe.

Sasa swali zuri la kugombania. Kwa hesabu hizohizo ΔG inageuka chanya ukivuka kama 460 K, yaani chini kidogo ya digrii 200 za Selsiasi. Mbona viwanda vya amonia huendeshwa kwenye digrii 400 hadi 500? Diskasheni nzima inaweza kuliwa na swali hili, na iliwe. Itawalazimu kutenganisha kinachoweza kutokea na kinachotokea haraka. Itamleta Haber, mkemia aliyebuni njia ya kutengeneza amonia kwa nitrojeni na hidrojeni, kichocheo cha chuma, presha ya angahewa 150 hadi 250, na sababu ya kuondoa amonia kila inapotengenezwa. Mwanafunzi anayeweza kueleza hayo kwa dakika tano bila daftari amepita mada tatu kwa mkupuo. Kwenye asidi na besi mtaikuta tena: myeyusho wa amonia wa 0.10 M, Kb (kipimo cha nguvu ya besi) 1.8 × 10⁻⁵, pH yake ni kama 11.1. Itafuteni.

Hatua ya 5: Maswali ya kupigia kura

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, tangu 1991 amekuwa akifundisha kwa namna ambayo kundi dogo linaweza kuiiga bila gharama: swali linaulizwa, kila mtu anaandika jibu lake bila kumwangalia jirani, halafu wanabishana, halafu wanaandika tena. Kuandika kwanza ni lazima. Bila hivyo, wote watasubiri kipanga aseme, kisha "hata mimi nilikuwa nawaza hivyo".

Haya hapa ya kuanzia.

HCl ya 1.0 × 10⁻⁸ M ina pH ngapi? Wengi wataandika 8. Basi mmeongeza asidi kwenye maji mkapata besi? Maji yenyewe yana H⁺ kama 10⁻⁷ M, hayawezi kupuuzwa hapa. Ukitatua mlinganyo vizuri unapata 6.98.

Nitrojeni na oksijeni zimekaa jirani kwenye jedwali. Nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza huongezeka ukienda kulia, sasa kwa nini ya nitrojeni ni 1402 kJ kwa moli na ya oksijeni ni 1314? Chora obitali za 2p. Kwenye oksijeni elektroni mbili zimelazimishwa kulala kitanda kimoja, na zinasukumana.

Argoni ikiingizwa kwenye chombo kilichofungwa chenye N₂, H₂ na NH₃ zilizofikia msawazo, ujazo usibadilike, msawazo unahamia wapi? Hauhami. Presha ya jumla imepanda, lakini presha ya kila gesi husika iko palepale. Kisha badilisheni sharti: presha ndiyo isibadilike, chombo kitanuke. Sasa unahamia upande wenye molekuli nyingi, yaani kushoto. Hapa kundi linaweza kugawanyika hadi usiku.

Moli moja ya H₂SO₄ inamaliza moli ngapi za NaOH? Rahisi mno, mtasema. Angalieni ni wangapi wanaosahau ile 2 wakiwa katikati ya hesabu ya titresheni.

Hatua ya 6: Maabara

Maabara inadanganya kwa sababu mnafanya wawili wawili na mmoja huzoea kuandika tu. Mwisho wa semista kuna mtu ambaye hajawahi kufungua bomba la bureti. Badilishaneni kila wiki, hata kama mwenzako ana mkono mzito na mtachelewa kutoka.

Jioni kabla ya maabara, kaeni dakika ishirini mweleze zoezi kwa mdomo: nini kinaingia kwenye bureti, nini kwenye chupa ya koni, kiashiria kipi na kwa nini. Methili orenji hubadilika rangi kati ya pH 3.1 na 4.4, fenofthalini kati ya 8.2 na 10. Kwa asidi dhaifu na besi kali, ya kwanza itakudanganya.

Makosa ya mkono mwenzio huyaona kabla yako, kwa hiyo mwangaliane. Bureti husuuzwa kwa myeyusho utakaokaa ndani yake, chupa ya koni kwa maji yaliyotoneshwa tu. Faneli inatolewa kabla ya kusoma. Kipovu cha hewa kwenye ncha kinafukuzwa kabla ya kuanza. Jicho liwe usawa wa sehemu ya chini ya mbinuko wa uso wa myeyusho, na namba iandikwe kwa desimali mbili, inayoishia 0 au 5, mfano 24.60. Duru ya kwanza ni ya makadirio. Zinazofuata zitafutwe mpaka zikaribiane kwa 0.10 cm³. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume. Pipeti haifyonzwi kwa mdomo, hata kama aliyekufundisha sekondari alikuwa akifanya hivyo.

Ripoti: data ni yenu wote mliofanya pamoja, hesabu na maelezo ni ya kila mtu. Mkipata jibu la ajabu, liandikeni hivyo hivyo na mjadili lilitoka wapi. Kupika namba ili zifanane na za benchi la pili ni udanganyifu, na msahihishaji hushtuka akiona titresheni sita zenye 24.60 zote.

Hatua ya 7: Kuelekea testi na UE

Vyuo vyetu vingi hugawa alama 40 kwa mwendo wa semista na 60 kwa UE, kwa hiyo testi si mazoezi. Wiki mbili kabla, nendeni steshenari mkatoe karatasi za miaka iliyopita, ila msizitumie kama madesa ya kukariri. Kaeni nazo kama mtihani: simu pembeni, muda ule ule, kila mtu peke yake, na mkiwa na jedwali la elementi lile tu litakalotolewa.

Kisha badilishaneni karatasi na msahihishane. Kwanza tungeni mwongozo wa alama: swali la alama 10, mlinganyo uliosawazishwa ngapi, kubadili kuwa moli ngapi, kipimo ngapi. Kusahihisha kazi ya mwenzio kunakufundisha kuona karatasi kwa jicho la mhadhiri. Utaona jinsi jibu sahihi lisilo na hatua linavyokera, na utaacha kuliandika.

Na kundi zima linaweza kukubaliana kwenye kosa, tena kwa furaha. Jibu likikataa ukaguzi wa vipimo au wa gramu, au mkibaki pande mbili kwa zaidi ya nusu saa, liandikeni na mpelekeeni msimamizi wa semina. Msiende na "hatujaelewa swali la nne". Nendeni na kurasa mbili, moja ya kila upande, mwulize ni ipi inayopotoka na ni mstari wa ngapi. Atawapa muda zaidi, nimeona hivyo mara nyingi.

Kundi likiyumba

Mtu akianza kukosa vikao, apigiwe simu na mmoja tu, faragha. Mara nyingi si uvivu: bumu (pesa ya mkopo wa chuo) halijaingia, au anaona aibu kwa sababu wenzake wamemwacha mada mbili. Wa namna hiyo apewe saa moja na mwenzake mmoja kabla ya kikao kijacho, akamatie pale walipo wengine. Asirudishwe kwenye moli wakati kundi liko kwenye msawazo.

Kipanga naye huchoka. Akilalamika kwamba anapoteza muda, mpeni maswali magumu ya mwisho wa sura ashike kalamu yeye, na wengine wamuulize. Kama hana hata moja linalomkwamisha, kweli hana haja ya kundi, na aruhusiwe kwenda kwa amani.

Kazi ya kupimwa ya mtu binafsi haifanywi na kundi, na hakuna anayemfanyia mwenzake testi. Hilo lisemwe siku ya kwanza, kwa sauti, ili baadaye asiombwe mtu.

Matokeo yakitoka na mmoja ana sapu (mtihani wa marudio), msimwachie likizo peke yake. Katika vyuo vingi sapu hufanywa kabla mwaka mpya haujaanza, kwa hiyo kuna wiki kadhaa za kazi. Apewe karatasi zote mlizosahihishana, achague mmoja wenu wa kumpigia mara mbili kwa wiki, na kila simu ianze na yeye kusoma alichojaribu na mstari aliokwamia.